Miezi Minne Ndani ya TempleOS: Jibu kwa Msomaji Aliyeifuta kwa Dakika Kumi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba aliijaribu TempleOS kwa dakika kumi, akaona maandishi yanayomwekamweka kwa rangi kali, akaifuta. Aliniuliza kwa upole nilipata nini humo hata nikakaa miezi minne. Swali lake limenigusa, kwani mwenzangu mmoja kazini aliwahi kuniuliza hilo hilo mbele ya watu, na hakuuliza kwa upole. Alisema kwamba ninapoteza muda kwa mchezo wa mgonjwa, watu wakacheka, nami nikanyamaza. Leo ninajibu.

TempleOS ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, uliojengwa na mtu mmoja, Mmarekani Terry Davis, kuanzia kiini (sehemu ya ndani inayosimamia mashine yenyewe) hadi kompaila (programu inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa lugha ya mashine), kwa zaidi ya miaka kumi, akiamini kwamba Mungu ndiye aliyemwagiza kujenga hekalu. Aliishi na maradhi ya akili, akafariki mwaka 2018. Kumcheka ni rahisi. Kusoma msimbo wake, yaani maandishi ya programu zake, kunahitaji subira. Skrini ni ya pikseli 640 kwa 480, rangi ni 16, na mtandao haumo kwa sababu mwenyewe hakuutaka. Mfumo mzima una takriban mistari 100,000 ya msimbo, kiasi ambacho mtu mmoja mwenye nia anaweza kukipitia.

Usakinishaji hauna la kusimulia. Niliipa mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta yangu) kumbukumbu ya megabaiti 512, ikawaka ndani ya sekunde chache, na mbele yangu pakawa na mahali pa kuandikia amri. Hapo ndipo nilipopata mshangao wa kwanza: amri zenyewe ni HolyC, lugha ya kuandikia programu aliyoibuni Davis juu ya misingi ya lugha ya C. Ukiandika maneno ndani ya alama za kunukuu na kufunga kwa nukta-mkato, yanachapwa papo hapo. Hakuna ukuta kati ya kutumia kompyuta na kuiandikia programu, na kwa mtu aliyezoea kuandaa mradi mzima kabla ya kuona herufi moja kwenye skrini, uhuru huo unalevya.

Ulinilevya mimi. Usiku mmoja nilianza kuandika programu ya nukta 300 zinazoanguka kama mvua, na kwa kuwa kila kitu kilikubali papo hapo, niliziandika fanya-kazi zote (vipande vya programu, kila kimoja na kazi yake) moja kwa moja kwenye sehemu ya amri bila kuhifadhi faili hata moja. Kuelekea alfajiri nilikosea sharti la kusimamisha kitanzi, yaani sehemu ya programu inayojirudia. Kikapita nukta ya 300 na kuendelea kuandika juu ya kumbukumbu isiyokuwa yangu. Saa iliyokuwa ikihesabu sekunde juu ya skrini ikasimama, kibodi ikafa, na kazi ya usiku mzima ikapotea.

Nilikaa nikiitazama saa ile iliyosimama. Katika TempleOS kila programu huendeshwa katika ngazi ya 0 ya prosesa, ngazi ambayo mifumo mingine huiachia kiini peke yake, na programu zote hushiriki anwani zilezile za kumbukumbu. Nilikuwa nimeyasoma hayo mara nyingi, lakini sikuwahi kuyaona. Katika mfumo wa kawaida programu yangu ingeuawa na mimi ningeendelea na shughuli zangu. Hapa kosa langu liliuangusha mfumo wote, na kwa mara ya kwanza nikaelewa ni kazi gani kubwa ambayo ulinzi wa kumbukumbu hutufanyia kimyakimya kila siku.

Miezi michache baadaye, programu moja ya C kazini ilianza kuharibu data bila mpangilio, na watatu kati yetu tulikuwa tumeshindwa kuona chanzo. Nilikitambua siku hiyo hiyo: kitanzi kilichokuwa kikipita mwisho wa safu ya data. Mwenzangu yule alikuwepo, na sitaficha kwamba nilifurahi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, irudishe. Usiende kutazama rangi. Nenda na kitu unachotaka kukijenga, hata kiwe kidogo. Fungua msimbo wa kiini na uusome, kisha uusome tena, kwa sababu ni wachache kati yetu waliowahi kuona chini ya mashine wanazojivunia kuzimudu. Tunataka kuitwa mafundi ilhali tunaogopa kukaa na jambo gumu kwa saa moja. Kaa nalo. Kosea, mfumo uanguke, uuwashe upya.

Na andika ndani ya faili. Mvua yangu niliianza upya jioni iliyofuata, nikahifadhi baada ya kila fanya-kazi, na nukta zote 300 bado zinaanguka hadi leo kila ninapoifungua.