Upande wa Besi

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: ni kikundi gani kilichokupa marafiki ambao hukuwatarajia, na ni nini kinachowaweka pamoja? Jibu langu ni wapigaji wa gita la besi hapa Kisumu, watu sita tusiolipwa na yeyote, ambao hukutana Jumapili alasiri katika karakana ya fundi wa redio mtaani Kondele. Kinachotuweka pamoja, kwa maoni yangu, ni jambo la ajabu kidogo: karibu hatuna namna ya kupanda jukwaani pamoja.

Bendi inaweza kuwa na magita mawili au matatu, waimbaji wanne, na tarumbeta kama fedha zipo, lakini besi huwa ni moja. Besi mbili zikipigwa kwa wakati mmoja, sauti zake za chini hugongana na kugeuka ngurumo isiyoeleweka. Wapigaji wa solo, gita linaloongoza, hukutana katika bendi ileile, hushindana, na wakati mwingine hununiana mwezi mzima kwa sababu ya nani atangulie. Mpigaji wa besi hana wa kushindana naye, na pia hana wa kumuuliza swali. Akikosea, wanaojua ni yeye na mpiga ngoma. Akipatia, hakuna anayejua.

Mimi ni karani wa ghala, na nilishika besi nikiwa na umri wa miaka 36, baada ya kijana aliyekuwa akiipiga kanisani kwetu kuhamia Eldoret na kiongozi wa kwaya kuamua kwamba vidole vyangu ni virefu vya kutosha. Miezi mitatu baadaye niliazima spika ya kwaya, nikaibeba nyumbani ili nifanye mazoezi, nikaipasua. Sikujua wakati huo kwamba uzi mnene kabisa wa besi hutikisika takribani mara 41 kwa sekunde, na kwamba spika ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya sauti ya mhubiri hulazimika kusukumwa kupita uwezo wake ili kuitoa sauti hiyo. Nilimpelekea fundi nikiwa nimeifunika kwa leso, kwa aibu. Aliifungua, akaitazama karatasi iliyochanika kama chapati, na badala ya kunitajia bei akaniuliza, "Kaka, unapiga besi?" Kisha akainama chini ya meza yake, akatoa besi iliyokosa kitufe kimoja cha sauti, akanipa kigoda. Alinitoza gharama ya karatasi na gundi peke yake. Nilitoka pale saa mbili usiku.

Wengine walifika kwa njia zinazofanana na hiyo. Yupo muuguzi tunayemwita Sista, ambaye huja akitoka zamu ya usiku na kusinzia akiwa ameikumbatia besi. Yupo mwendesha bodaboda tunayemwita Omera, mwalimu wa shule ya msingi, na kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Fundi ndiye mwenyeji. Mzee, mstaafu wa reli, huja pia, ila hatumhesabu miongoni mwa wale sita kwa sababu yeye mwenyewe alikataa: husema yeye ni msikilizaji, ingawa anatushinda sote. Sisi sote, hata Fundi mwenye mvi, anatuita nyithinda, yaani wanangu.

Mzee ndiye aliyetufundisha kuisikiliza benga, muziki wa magita wa Waluo, tuliyokuwa tumeizoea tangu utotoni bila kuisikia. Alimwona gwiji wa benga D. O. Misiani wa bendi ya Shirati Jazz akipiga, na hadi leo, miaka mingi tangu Misiani afariki mwaka 2006, humtaja kama mtu aliyetoka tu nje kuvuta hewa. Katika benga, anasema, besi haikai nyuma ikihesabu hatua. Hurukaruka, hujibizana na solo, na waimbaji wakinyamaza magita yakashika kasi, besi ndiyo inayowainua watu vitini. Mzee huisikia nyatiti humo ndani, ile ala ya jadi ya Waluo yenye nyuzi nane, na hutuimbia sauti zake kwa mdomo hadi vidole vyetu vizipate. Simu haifai kwa somo hili kwa kuwa spika yake ni ndogo mno kuitoa besi, kwa hiyo husikiliza wawili wawili, kila mmoja na kipande chake cha spika za masikioni, vichwa vimegusana.

Kuna ubishi pia, na ninaupenda. Seti mpya ya nyuzi inaweza kummalizia Omera mapato ya siku kadhaa, basi tunazichemsha zile kuukuu. Fundi huzikunja duara, huzitumbukiza katika sufuria isiyopikiwa tena chakula, na baada ya dakika kumi maji huwa na utando wa rangi ya chai kutokana na jasho na mafuta ya vidole yaliyojificha kati ya mizingo ya waya. Zikikaushwa vizuri hulia kwa ukali kama mpya, walau kwa majuma machache. Mwalimu huona huu ni usafi wa lazima. Mzee huona ni uharibifu, na hutukumbusha habari za James Jamerson wa studio za Motown kule Marekani, ambaye inasemekana hakubadilisha uzi hadi ukatike, na ambaye kwa miaka mingi alipiga besi katika nyimbo zilizotamba dunia nzima huku jina lake likikosekana kwenye majalada ya rekodi. Hapo ubishi huwa umehama kutoka kwenye uchafu hadi kwenye majalada, na Sista huwa ameamka.

Sista naye ana kesi yake na Leo Fender, mtengenezaji wa magita wa Marekani, aliyetoa besi yake ya Precision mwaka 1951 ili wapigaji waachane na besi ya zamani, lile dude la mbao lenye kimo cha mtu. Besi hiyo aliipa shingo yenye vyuma vya kugawa sauti, na nyuzi zenye urefu wa inchi 34, ambao hadi leo ndio wa kawaida. Sista ana mikono midogo, na husema kwamba bwana huyo hakuwahi kumfikiria muuguzi wa Kisumu.

Jumapili moja stima ilipotea. Besi ya umeme isiyo na amplifaya haina sauti kubwa kuliko ya mbu, na tulikuwa tumeanza kufungasha, Mzee alipoichukua, akasogea hadi kwenye kabati la mbao ambamo Fundi huweka redio zisizorudiwa na wenyewe, akakiegemeza kichwa cha gita kwenye mlango wake, akapiga uzi wa chini. Kabati zima liliunguruma. Skrubu zilitetemeka ndani ya makopo. Tulipokezana hadi giza likaingia, mmoja akipiga na waliobaki wamebandika masikio kwenye mbao, na hata sasa, stima ikiwepo, hatuagani kabla ya mtu mmoja kulisalimia kabati.

Mwezi wa nane kijana wetu alipata kazi yake ya kwanza, harusi huko Ahero. Tulipanda matatu sote bila kualikwa, tukasimama nyuma ya hema karibu na sufuria za pilau. Wageni walimtazama mwimbaji. Sisi tulitazama vidole vya mkono wa kushoto. Katika ubeti wa pili aliteleza, akainua macho, akatuona, akarudi mahali pake kabla mpiga ngoma hajageuka. Mzee aliweka kiganja kwenye nguzo ya hema, akatuashiria kwa macho, nasi tukaweka vyetu. Besi ilikuwa inapita mle ndani ya chuma. Mama mmoja wa kamati alitujongelea, akauliza kwa upole kama sisi ni wa upande wa bwana harusi au wa bibi harusi.

"Wa upande wa besi, mama," Sista alimjibu.

Alitutazama mmoja mmoja, viganja vyetu vikiwa bado kwenye nguzo, kisha akaagiza tuletewe sahani.