Usitume hiyo hela kabla hujaona namba ya modeli

Mkuu, simama hapo hapo. Unasema shemeji yako Marekani kapata simu za zamani za Verizon, kampuni ya simu ya huko, kwa bei ya kutupa, akutumie boksi zima uuze Kariakoo, na unauliza ushuru na faida. Usitume hata senti!

Mzigo wa aina hiyo niliuziwa mimi. Muuzaji kanihakikishia simu ni simu, ukitoa loki inapiga popote. Nafungua boksi, simu mpya kabisa, nailoni bado iko kwenye kioo. Natoa mfuniko wa nyuma, natoa betri, natafuta pa kuweka laini. Hakuna. Siyo loki, tundu la laini lenyewe halipo! Zilikuwa CDMA, mfumo wa mtandao ambako kampuni inasajili namba ya mteja ndani ya simu yenyewe. GSM, mfumo wetu huku, utambulisho unakaa kwenye laini. Hapo fundi gani atakusaidia? Na yule jamaa alijua fika anachouza, alitaka tu ghala lake litoke mzigo. Mtaji wangu wote uliishia pale, na watu wa namna ile wananikera mpaka leo.

Usidhani huko kwao zina kazi. Verizon walizima CDMA mwisho wa 2022. Na mitandao haihami kwa sababu teknolojia ni mbovu, sauti ya CDMA ilikuwa safi tu. Wanahama wakiona simu na wateja wako upande wa pili. Bell na Telus wa Kanada, kampuni za CDMA nazo, waliwasha HSPA, 3G ya upande wa GSM, Novemba 2009, miezi michache kabla ya Olimpiki ya Vancouver, maana wageni wenye simu za GSM wangetua na hela ya roming ingeenda kwa mshindani. Verizon nao walitangaza LTE, yaani 4G, mwaka 2007, njia ile ile ya Vodafone wa upande wa GSM, mbia wao wakati huo mwenye asilimia 45. Mwaka uliofuata Qualcomm, kampuni iliyobuni CDMA yenyewe, wakaachana na UMB, teknolojia iliyokuwa iirithi CDMA.

Kwa hiyo namba ya modeli kwanza, halafu bendi (masafa ya mawimbi), ndipo hela. GSM huku ni MHz 900 na 1800, Marekani ni 850 na 1900. Hata yenye tundu la laini na maandishi ya 4G, kama inategemea bendi 13 ya Verizon, 4G huku haishiki.

Mwambie shemeji apige picha nyuma ya kila simu, uziweke hapa tuzikague moja moja.