Kuchekesha kwenye Awa Odori: niliyojifunza nikiwa nyuma ya kinyago

Kila ikikaribia Agosti inboksi yangu inajaa swali lile lile, hasa kutoka kwa vijana waliokuja huku Japani kusoma au kutafuta maisha: kaka, nimeona video unacheza barabarani umevaa kinyago cha mdomo uliopinda, na mimi nataka, naanzia wapi? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa yote, mnivumilie ni ndefu.

Kwa wasiojua, Awa Odori ni ngoma ya barabarani. Kwao hasa ni Tokushima, kisiwa cha Shikoku, ambako wanaicheza tarehe 12 mpaka 15 Agosti, kipindi cha Obon, Wajapani wanapowakumbuka marehemu wao, na inasemekana ina zaidi ya miaka 400. Mimi nacheza ya Koenji, hapa hapa Tokyo, wikiendi moja ya mwishoni mwa Agosti. Watu wanacheza kwa vikundi vinavyoitwa ren, mbele wanatangulia wabeba taa za karatasi juu ya miti mirefu zenye jina la kikundi, halafu wanawake na zile kofia za majani zilizokunjwa katikati wakitembelea ncha za geta, viatu vya mbao, utadhani hawana uzito, halafu wanaume wameinama chini, na mwisho wapigaji, yaani kengele, filimbi za mwanzi, shamisen (kama gitaa la nyuzi tatu) na ngoma kubwa ambayo ikipita karibu unaisikia tumboni.

Sasa humo ndani, kwenye baadhi ya ren, kuna mtu ambaye kazi yake ni kuchekesha. Kuna wanaocheza wawili, mmoja ni tiara na mwenzake ndiye anayemrusha, anavuta uzi ambao haupo kabisa, na yule tiara anapepesuka, anaanguka, anapaa tena, na wewe mtazamaji unaapa umeuona uzi. Na kuna sisi wa Hyottoko. Hyottoko ni yule mwanaume wa kinyago, mdomo umechongoka na umepinda upande mmoja, jicho moja dogo kuliko lingine, kichwani kitambaa cha madoadoa. Wanasema jina limetokana na hi, moto, na otoko, mwanaume, kwa sababu ni mtu anayepuliza moto jikoni kwa bomba la mwanzi. Ukishawahi kupuliza mkaa uliolowa utaielewa hiyo sura mara moja.

Mimi nimekulia Temeke. Nimefuata mdundiko wa Wazaramo nikiwa mdogo mpaka nikapotea nikarudishwa na mama mmoja wa mtaa wa tatu, na kipigo nilichokula nakikumbuka mpaka leo. Kwa hiyo siku ya kwanza nimetoka stesheni ya Koenji nikasikia ile kengele, chan-ka chan-ka chan-ka, miguu ilienda yenyewe. Nilijiona nimefika nyumbani na nikajiambia hii kitu naiweza. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Niliingia ren kupitia mzee mmoja tuliyekuwa tunakutana naye bafu la mtaani, tukawa tunasalimiana, mwishowe akanileta mazoezini. Kiongozi wa ren anaitwa rencho, na wetu ni mtu wa maneno machache sana. Mazoezi ni Jumapili. (Kwa wageni wa Tokyo: wikiendi treni ya haraka ya Chuo haisimami Koenji, inaruka moja kwa moja mpaka Ogikubo, panda ile ya mstari wa njano. Mimi niliipita Koenji mara tatu nikiiangalia dirishani kama mjinga.) Wiki za mwanzo nilikuwa nafanya vituko, nazungusha kiuno, natoa macho, nakimbia kwa wamama wanaotazama naruka, na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nikajua nimeua. Agosti hiyo nikatoka barabarani bila kinyago, kitambaa tu kichwani, fundo limefungwa chini ya pua kama wanavyochorwa wezi kwenye katuni zao, na kila nilipopita ni vicheko na simu juu.

Mwaka uliofuata rencho akanipa kinyago. Akanipa na zile nguo za kufunika viganja kwa juu, suruali ya kubana, tabi miguuni, zile soksi zao zinazotenga kidole gumba, kitambaa cha madoadoa kikashuka mpaka shingoni. Hakuna aliyeweza kujua mimi ni nani wala natoka wapi. Nikafanya vituko vyangu vyote vya mwaka jana, tena kwa nguvu zaidi.

Hakuna aliyecheka.

Yaani kimya, jamani. Bibi mmoja alinitazama, akamtazama mtoto wa ngoma nyuma yangu, akapiga makofi kwa ajili ya huyo mtoto. Mtoto mwingine akalia. Nilimaliza barabara nzima nimelowa jasho na aibu, na nikaanza kuielewa ile hesabu taratibu tu usiku nikiwa kwenye treni: mwaka jana watu walikuwa wanacheka kwa sababu kuna Mwafrika mrefu anaruka ruka amevaa nguo za kwao. Ningesimama tu pale nikala aiskrimu wangecheka vile vile. Sikuwa nimechekesha, nilikuwa nimeonekana. Na rencho alijua, nadhani ndiyo maana alinipa kinyago, ingawa sikuwahi kumuuliza na yeye siyo mtu wa kukwambia.

Basi ndugu yangu unayetaka kuanza, ushauri wangu wa kwanza ni huo: jifunze kucheza ile ngoma yenyewe, iliyonyooka, kama mwanaume wa kawaida wa mstari wa nyuma, angalau msimu mmoja mzima, kabla hujagusa kichekesho. Nilirudi mstari wa nyuma mwenyewe. Hatua yake ukiitazama ni rahisi na ndiyo inayodanganya. Mkono wa kulia unaenda na mguu wa kulia, wa kushoto na wa kushoto, siyo kupishana kama tunavyotembea. Ncha ya mguu inagusa chini kwanza, nyepesi, halafu ndiyo unakanyaga. Magoti yamekunjwa na yametazama nje, kiuno kiko chini, na kinabaki HUKO HUKO chini barabara nzima, kichwa hakipandi wala kushuka, mikono iko juu ya kichwa. Rencho alikuwa anapita na feni ya karatasi anatuwekea juu ya utosi, ikianguka unaanza upya. Siku ya tatu nilikuwa napanda ngazi za kazini kwa kushika ukuta.

Faida yake utaiona baadaye. Kichekesho cha Hyottoko ni mtu anayekosea ngoma, lakini huwezi kuikosea kwa makusudi kitu ambacho unakikosea kwa bahati mbaya. Mtazamaji ameshaangalia watu arobaini wanaenda sawa, sikio lake limeshashika kengele, halafu anakuja huyu mmoja anachelewa nusu pigo, anashtuka, anaharakisha kuwafikia, anawapita, anageuka anakuta amebaki peke yake. Hapo watu wanakufa. Ukiwa unachelewa ovyo ovyo hakuna anayejua umechelewa, wataona tu mtu asiyejua. Ndiyo maana sikiliza kengele kuliko kitu chochote, mpiga kengele ndiye dereva wa gari lote.

La pili, kinyago. Sura haibadiliki, kwa hiyo kutoa macho na kucheka humo ndani ni kujichosha bure, mimi nilifanya mwaka mzima, hakuna aliyeona. Kinachoongea ni shingo. Kwenye maigizo yao ya zamani ya Noh wana maneno kabisa, ukiinua kinyago kidogo wanasema kinang'aa, ukikiinamisha kidogo wanasema kimetanda mawingu. Kwa Hyottoko ni hivyo hivyo. Simama mbele ya kioo usiku, inua kidevu upana wa kidole, huyo jamaa ameona chakula. Shusha, ameona mkewe. Geuza kichwa kwanza, simama, halafu mwili ufuate. Ukigeuka vyote kwa pamoja kinyago kinakuwa plastiki tu.

Na huoni! Matundu ni madogo, miguu yako huioni kabisa, ukiinama unaona lami kidogo na mwanga wa taa. Niliwahi kumkanyaga mbeba taa wetu, taa ikayumba, nusu ya mstari ikasimama, na watazamaji wakacheka sana wakidhani ni sehemu ya mchezo. Nilijifanya ni sehemu ya mchezo. Baada ya pale niliinama mbele ya yule mbeba taa mara sijui ngapi. Siku hizi kabla ya kuanza natembea barabara nzima bila kinyago, nahesabu mifuniko ya mitaro na sehemu lami ilipoinuka.

Watazamaji usiwaguse. Usichukue mtoto wa mtu, usikalie mapaja ya mtu, hata akikukaribisha. Ukitaka kucheza na mtoto shuka chini mpaka ulingane naye, ukiwa mbali, halafu wewe ndiye umwogope yeye. Hiyo haijawahi kunitupa. Akilia geuka uende, usibembeleze, kinyago kinachobembeleza ndiyo kinatisha zaidi.

Joto sasa. Agosti ya Tokyo ni kama Dar ya Februari bila ule upepo wa bahari, na wewe umefunika uso. Kunywa kabla hujasikia kiu, chai baridi ya shayiri ndiyo wanayokunywa wote, weka pipi za chumvi mfukoni, na ukihisi baridi ghafla mwilini wakati jasho linatoka, vua kinyago utoke kwenye mstari, aibu baadaye.

Kuna wanaoniuliza kama siyo kujidhalilisha, mtu mzima unachekwa barabarani. Kwenye Awa Odori kuna maneno wanayoimba toka zamani: odoru aho ni miru aho, onaji aho nara odoranya son son. Anayecheza ni mpumbavu, anayetazama ni mpumbavu, kama wote ni wapumbavu basi asiyecheza ndiye amekula hasara. Tokushima kuna ren maarufu kabisa inaitwa Aho-ren, ren ya wapumbavu, na ni mabingwa. Na hii ya Koenji yenyewe ilianza 1957 na vijana wa mtaa wa maduka waliokuwa wanataka kuvuta watu kama majirani zao wa Asagaya na sherehe yao ya Tanabata, sikukuu ya nyota, hiyo ngoma ya Tokushima hawaijui vizuri, wakajipaka uso wakaingia barabarani hivyo hivyo, wakaiita Baka Odori, ngoma ya wajinga. Walikwenda kujifunza baadaye. Ukiniuliza mimi, wale ndio babu zetu wachekeshaji.

Kama huna muda wa ren, nenda Tokushima, kuna kitu kinaitwa niwaka-ren, unajitokeza na nguo zako, unafundishwa kidogo pale pale, unaingia barabarani na wengine. Lakini hapo cheza tu, usichekeshe.

Mimi ilinichukua mpaka msimu wa nne. Tulikuwa karibu na mwisho wa barabara, nimechelewa ile nusu pigo, nikainua kidevu, nikashusha, na upande wa kushoto nikasikia mtu mmoja anacheka peke yake, kicheko cha kukohoa cha mtu mzima. Tulipomaliza nikakaa ukingoni, nikavua kinyago ninywe chai, na alikuwa amesimama hatua mbili tu, bibi na mkongojo wake na mfuko wa vitunguu. Akanitazama, akatazama kinyago mkononi, akasema "Are!", yaani he!, akacheka upya. Halafu akainua mguu wake wa kulia na mkono wake wa kulia, akachelewa nusu pigo, akaniangalia kama nimeona.