Vitamini D ya 50,000 kila asubuhi? Mkuu, weka kopo chini kwanza

Mkuu, usimeze. Umeandika kwamba umepima vitamini D ikatoka 22, "mtu wa lishe" kakuuzia vidonge vya IU 50,000 (IU ni kipimo cha kiasi cha vitamini), kakwambia umeze kimoja kila asubuhi mpaka uchovu uishe, na unauliza kama kweli vinasaidia. Hapo kwenye "kila asubuhi" nimeacha ugali wangu unapoa nije kukujibu.

IU 50,000 ni dozi ya WIKI. Anapewa mtu aliyepungukiwa kweli, kwa muda, na daktari anafuatilia. Mahitaji ya mtu mzima wa kawaida ni IU 600 kwa siku, akivuka miaka 70 ni 800, na zaidi ya 4,000 kwa siku haishauriwi ujiamulie mwenyewe. Piga hesabu: kidonge chako kimoja kina mahitaji ya siku zaidi ya themanini. Na wewe unataka kingine kesho.

Mimi nilimeza hivyo hivyo kwa miezi, tena nikaongezea na vidonge vya kalsiamu kwa sababu niliambiwa "zinafanya kazi pamoja". Zinafanya kazi pamoja kweli, nilikuja kuiona hiyo kazi. Kiu ya ajabu, mdomo mkavu, choo kigumu, kichefuchefu kila nikiona chakula. Usiku ni kukojoa tu, mpaka mke wangu akapendekeza kitanda kihamie chooni. Nikajua ni kisukari. Nikapima sukari, iko sawa kabisa.

Nikamwandikia yule mshauri wangu kwenye grupu la WhatsApp. Unajua alijibu nini? "Mwili unatoa sumu, endelea na dozi, usikate tamaa." Na viganja viwili vya kuomba dua. Sumu alikuwa ananiuzia yeye! Halafu watu wa namna hii wakiulizwa wamesomea wapi, wanatuma picha ya cheti cha semina. Mtu huyo mpaka leo yuko kwenye grupu, anauza, anaitwa "dokta", na mimi ndiye niliyetolewa kwa "kuleta taharuki".

Hospitali daktari akaniuliza natumia dawa gani. Nikasema kwa kujiamini, situmii dawa, vitamini tu. Akaniambia nilete kopo. Akaligeuza, akaweka kucha chini ya mstari mmoja wa maandishi madogo pembeni, karibu na tarehe ya kuisha muda: kidonge kimoja kwa wiki. Nilikuwa nalifungua hilo kopo kila siku na sijawahi kuusoma huo mstari, nasoma tu ule upande wenye picha ya jua. Kalsiamu kwenye damu ilikuwa juu, figo zimeanza kulalamika. Nikalazwa na dripu.

Tatizo lenyewe liko hivi. Vitamini C ukizidisha, nyingi unaikojoa. D inayeyuka kwenye mafuta, inakaa mwilini. Ikizidi, utumbo unafyonza kalsiamu kupita kiasi na mifupa nayo inaiachia, damu inajaa, figo ndizo zinazobeba mzigo. Na ukiacha leo haitoki kesho, inachukua wiki hata miezi.

Kama inasaidia? Aliyepungukiwa, ndiyo, sana: mtoto mwenye matege, mtu mzima ambaye mifupa yake imelainika. Asiyepungukiwa, hapana. Marekani walifanya utafiti mkubwa unaoitwa VITAL, watu 25,871, nusu wakapewa IU 2,000 kila siku kwa takriban miaka mitano. Waliougua saratani au kupata shambulio la moyo na kiharusi hawakupungua. Mwaka 2022 wakatoa na matokeo ya mifupa: kuvunjika hakukupungua. Na hao walikuwa wanameza 2,000, siyo vituko vyetu.

Hiyo 22 yako, kama ni nanogramu kwa mililita, wala usiilie. Maabara nyingi zinaweka mstari kwenye 30 ndiyo maana karatasi imekuandikia "pungufu", lakini jopo la wataalamu wa Marekani mwaka 2011 lilisema 20 inawatosha karibu watu wote. Kama ni nanomoli kwa lita hiyo ni habari nyingine, ni kama nanogramu 9 tu kwa mililita, rudi kwa daktari. Angalia kipimo kilichoandikwa mbele ya namba.

Lakini hayo yote baadaye. Cha kwanza ni lebo: IU ngapi, na ni kwa SIKU au kwa WIKI? Usipoiona hiyo, kopo halifunguliwi, hata kama kakuuzia shemeji yako.

Uliuliza pia kuhusu nywele kukatika na tofauti ya D2 na D3, zile aina mbili za vitamini D, waje wengine, mimi hapo sina hamu. Wewe piga picha upande wa nyuma wa kopo, ule wa maandishi madogo, uiweke hapa kabla hujalala. Na kama umeshaanza kumeza na una kiu isiyoisha, usingoje majibu yetu, nenda kapime kalsiamu na figo, na kopo uende nalo.