Bloku ikija kubwa kupita kiasi, usiilipue

SWALI: Kwenye AutoCAD, programu ya kuchora ramani kwa kompyuta, nilichora mlango kwa milimita nikaufanya bloku, yaani mchoro mmoja wa kuingizwa mara nyingi. Nikiuingiza kwenye ramani ya nyumba iliyochorwa kwa mita, unatokea mkubwa kuliko nyumba yenyewe, tena haufuati rangi ya leya, yaani tabaka la mchoro ninamouweka. Mwenzangu ananiambia niulipue kwa EXPLODE, amri inayoivunja bloku iwe mistari mitupu, kisha niupunguze mwenyewe. Nifanyeje?

JIBU: Usiulipue. Ushauri huo nausikia kila mara, na ndio unaoharibu ramani nyingi ninazoletewa kurekebisha.

Ukubwa ni suala la vipimo tu. Tuseme mlango wako una upana wa 900: kwenye ramani iliyochorwa kwa mita, 900 hiyo inasomwa mita 900. Fungua faili ya mlango, andika INSUNITS, mpangilio wa kipimo cha faili, weka 4, yaani milimita, uhifadhi. Kwenye ramani weka 6, yaani mita. Futa mlango ulioingia vibaya, piga PURGE, amri ya kusafisha visivyotumika, ili bloku ya zamani yenye jina hilo iondoke, kisha ingiza upya. AutoCAD itaupunguza yenyewe mara 1,000. Rangi nayo, ingia BEDIT, sehemu ya kuhariri bloku, hamishia mistari yote leya 0, rangi iwe ByLayer, yaani ifuate leya. Mlango utavaa rangi ya leya utakayouingizia.

Sasa huyo mwenzako. Bloku huhifadhiwa mara moja ndani ya faili, na ukiwa na milango 40, yote inatazama asili hiyo moja. Mteja akitaka fremu nene zaidi, unaingia BEDIT mara moja, yote 40 inabadilika. Ukishailipua utarekebisha mmoja mmoja, na kuna mmoja utakaousahau. Wanaosema faili inakuwa nyepesi wanadanganya watu: asili inabaki mle mle mpaka uisafishe, na juu yake umeongeza rundo la mistari.

Juzi nimeletewa ramani ya namna hiyo. Nikagusa mlango, ukawaka upinde wa kufungukia peke yake, si mlango mzima. Pembeni, palipotakiwa pasomeke namba ya mlango, M12, palisomeka NAMBA. Mlango wa pili NAMBA, wa tatu NAMBA, hadi wa mwisho. Ukilipua bloku yenye maandishi ya kujaza, ulichojaza hupotea, linabaki jina la nafasi yake. Jedwali la milango halikuweza tena kutolewa na programu. Tulihesabu kwa kidole.

Video inayotibu kila bloku kwa kulipua, ifunge. Na bloku za bure za mtandaoni, zifungue kwanza kwenye faili tupu, kagua INSUNITS na leya zake, ndipo uzilete kwenye ramani ya mteja.