Tona ya mia sita hamsini na uso unaowaka: maswali yenu ya mwezi huu

Barua nyingi za mwezi huu ni za chunusi na karibu zote zinataja ile tona ya salisiliki, yaani maji ya kupaka uso yenye asidi ya chunusi, yenye imejaa kwa maduka ya vipodozi kutoka Kisumu mpaka Nakuru. Nimechagua chache, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu juu wengi mnauliza hio hio kwa maneno tofauti. Mnajua mimi ni mfamasia, si daktari wa ngozi, kwa hivyo penye panahitaji daktari nitawaambia mwende.

Habari yako Anti. Nina miaka 24, nakaanga samaki Dunga, yaani asubuhi mpaka jioni niko hapo kwa karai. Uso wangu unatoka mafuta hata saa nne haijafika, paji la uso na kidevu zimejaa chunusi, zingine ni zile ndogo nyeusi zingine zinaiva usaha. Beshte yangu akaniambia nijaribu tona ya salicylic acid nikapata moja mjini 650, imeandikwa 2%. Natumia asubuhi na jioni, nasugua na pamba mpaka pamba itoke safi, kabla ya hapo naosha na sabuni ya dawa, na Jumamosi naskrabu na sukari na ndimu. Wiki ya pili uso ukaanza kuwaka, ngozi inabanduka kando ya pua na mdomo, chunusi bado ziko na sasa kuna madoa meusi. Hii tona ni feki ama ni vile ni ya bei ya chini? Kuna mtu anauza ingine 3,200 anasema hio ndio orijino. Nishauri kabla niitupe.
Wa Nyalenda, Kisumu

Usiitupe dada yangu, na hio ya 3,200 muachie mwenyewe.

Asilimia 2 ni asilimia 2. Asidi ya salisiliki iliyo kwa chupa ya 650 ni ile ile iliyo kwa chupa ya elfu tatu, kinachobadilika ni vitu vingine vimewekwa ndani pamoja nayo, marashi, chupa yenyewe na jina. Kwa chunusi za kununulia dawa bila kuandikiwa, kipimo cha kawaida ni kati ya asilimia 0.5 na 2, kwa hivyo wewe tayari uko juu kabisa ya hicho kipimo, hakuna yenye nguvu zaidi unakosa. Kitu kimoja tu nataka uangalie: geuza chupa usome ile orodha ndogo ndogo ya nyuma, ukiona neno alcohol ama alcohol denat liko mwanzo mwanzo, karibu na maji, hio tona itakukausha na kukuchoma na hapo heri utafute ingine ya bei hio hio isiyo nayo. Angalia pia kama ina alama ya KEBS, lile shirika la viwango la Kenya, jina la mwenye kuitengeneza na tarehe ya kuisha. Chupa haina hayo, ama unapimiwa kutoka kwa mtungi, usiweke kwa uso.

Sasa nikueleze vile inafanya ndio uelewe mbona nakukataza mambo mengine. Chunusi inaanza pale kitundu cha ngozi kinazibwa na mafuta yakichanganyika na ngozi iliyokufa, ni kama mtaro wa Kondele mvua ikipata umejaa makaratasi. Asidi nyingi zinabaki juu juu. Hii inayeyuka kwa mafuta, kwa hivyo inapenya mpaka ndani ya kitundu na kulegeza ile ngozi iliyoshikana, na inapunguza uvimbe kidogo pia. Ndio maana inasaidia sana zile nyeusi na zile nyeupe ndogo. Zile kubwa zenye ziko ndani kabisa, unaguza zinauma na hazina kichwa, hizo usitarajie tona iziondoe.

Lakini hebu jiangalie vile unafanyia huo uso. Sabuni ya dawa, halafu asidi, halafu pamba ya kusugua, mara mbili kwa siku kila siku, alafu wikendi sukari na ndimu juu yake. Uso gani utavumilia? Ndimu nayo ni asidi kali kuliko hio tona yako, na maji yake yakibaki kwa ngozi alafu upigwe na jua yanaweza kukuunguza kabisa na kukuachia alama, na wewe unashinda nje Dunga na hilo jua la ziwani. Ngozi yetu nyeusi ikikasirishwa inajibu kwa madoa, chunusi inaweza kuisha wiki moja na doa lake likakaa miezi. Kwa hivyo hayo madoa mapya hayaletwi na tona kuwa feki, ni ule moto umeuwasha uso.

Kwanza acha kila kitu mpaka uache kuwaka na kubanduka, hata kama itachukua wiki mbili. Osha na maji na sabuni laini ya uso, si ya kipande, juu nyingi za kipande ni kali kwa ngozi, paka losheni isiyo na marashi, basi. Pale kando ya pua na mdomo penye pamebanduka unaweza kugusisha Vaseline kidogo usiku. Usiogope ati wewe ni wa mafuta hufai kupaka kitu, ngozi ya mafuta pia inakauka, tena sana ikiwekwa asidi.

Ikitulia unaanza upya, usiku peke yake, siku mbili kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Uso uwe umekauka vizuri. Sahau pamba: mimina matone matatu manne kwa kiganja, gusanisha viganja, alafu bandika kwa uso kwa kupapasa, anza paji la uso na kidevu penye shida iko, zunguka mbali na macho na pembe za mdomo na zile kingo za pua. Itawasha kidogo dakika moja mbili, hio ni sawa. Ikiendelea kuchoma baada ya dakika tano, nawa uitoe. Ikikauka paka losheni. Ukimaliza wiki mbili bila shida ongeza siku moja, mpaka ufike siku moja ndio siku moja hapana, na wengi wanakaa hapo na wanapona vizuri bila kufika kila siku. Ile tabia ya kusugua mpaka pamba itoke safi uiache kabisa, haitatoka safi, utakuwa unatoa ngozi yenyewe.

Wiki za kwanza unaweza kuona vichunusi vinatokea pale pale penye huwa unapata, vinakuja haraka vinaenda haraka, usishtuke. Lakini ukiona upele wa kuwasha, ama unatokea mahali hujawahi kuwa na chunusi, ama uso unafura, simamisha. Mabadiliko utaanza kuyaona wiki ya sita mpaka ya nane, na usiihukumu kabla wiki 12 ziishe. Najua ni refu, na ndio hapa wengi wanaponunua chupa ya pili na ya tatu juu ya ile ya kwanza.

Na kazi yako pia inachangia, hilo hukuuliza lakini nitalisema. Mvuke wa mafuta ya karai unakaa kwa uso na kwa kitambaa cha kichwa, na watu wa kukaanga wanajulikana kupata chunusi za aina hio. Shika kile kitambaa chako pale kinapogusa paji la uso, kama kinateleza kwa vidole basi hapo ndipo chunusi zako za mbele zinalishwa. Kuwa na viwili vitatu ubadilishe katikati ya siku, na ukifunga kazi nawa uso hapo hapo kabla upande matatu. Jasho ukilisikia, lifute kwa kugusa na kitambaa safi, usisugue. Mafuta ya nywele nayo usiyalete mpaka ukingo wa uso, haswa kama ni ya nazi.

Ile pesa ulikuwa utoe kwa tona ya 3,200, nunua sanskrini, ile krimu ya kukinga jua, ya SPF 30 ama zaidi, ile nyepesi isiyo na mafuta, na chenji itabaki. Huku tuko karibu kabisa na ikweta, jua halina msimu, na hakuna doa litaisha ukiwa unalichoma kila mchana. Paka asubuhi na urudie mchana ukiwa nje, na kofia kubwa. Ukifika wiki 12 na bado zinaiva usaha, rudi kemisti uulizie benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, hio inaua bakteria wa chunusi, lakini itatoa rangi ya taulo na foronya kwa hivyo tumia za zamani. Usiiweke usiku mmoja na salisiliki. Na zikianza kuacha mashimo, usingoje hizo wiki, nenda kwa daktari wa ngozi.

Anti mimi niko boda hapa Kaptembwo Nakuru. Kidevu na shingo zimejaa vipele na paji la uso pia, nikinyoa ndio inakuwa mbaya zaidi. Bibi yangu ananiambia nitumie tona yake lakini wenzangu stejini wakijua watanicheka. Hii kitu ni ya wanawake ama?

Waache wacheke, kaka. Ngozi haina jinsia na hio tona ya bibi itakufaa sana, juu vipele vya kunyoa ni nywele zilizopinda zikarudi kuingia ndani ya ngozi, na salisiliki inalegeza ile ngozi ya juu ndio nywele ipate njia. Siku mbili tatu kwa wiki, usiku, na kamwe si siku umenyoa, utaruka. Ukinyoa, fuata vile nywele inalala, usivute ngozi, usirudie rudie mahali pamoja, na kama unaweza tumia mashine uache nywele kidogo badala ya wembe wa kukwangua. Ukienda kinyozi angalia mashine inasafishwa.

Hizo za paji la uso mimi nashuku helmeti. Ule sponji wa ndani angalia, kama umekuwa mweusi na unang'aa hujawahi kuuosha tangu ununue. Ukitoka, toa ufue na sabuni, uache ukauke vizuri, na uvae kitambaa chepesi cha pamba chini yake ukifua kila siku. Helmeti ya abiria nayo ni hadithi ya siku ingine, jameni. Baridi na upepo wa Nakuru unakausha kuliko wa Kisumu, kwa hivyo losheni usiruke. Na kama vipele vya shingo vinageuka kuwa vinundu vigumu vinavyokua, hapo tona haifiki, muone daktari mapema kabla viwe vikubwa.

Nina ujauzito wa miezi mitano, niko Kakamega. Chunusi zimenijaa ghafla. Naweza kuendelea na tona ya 2%?

Kwa uso peke yake, kidogo, kwa kawaida inakubaliwa, lakini beba chupa umuonyeshe muuguzi ukienda kliniki ya wajawazito, ni dakika moja tu. Usiipake mgongo mzima ama kifua kizima, na usikubali salon wakufanyie ile ya kumenya ngozi na asidi kali. Adapalini na tretinoini, zile dawa za chunusi za kupaka za ukoo wa vitamini A, weka kando kabisa mpaka ujifungue, na vidonge vya isotretinoini ni marufuku kabisa, vinadhuru mtoto. Nyingi za hizi chunusi zinatulia baada ya kujifungua.

Mtoto wangu wa kidato cha tatu yuko bodi, anapaka dawa ya meno kwa chunusi. Dada yangu naye ananiambia nimnunulie krimu ya kuchanganywa hapa sokoni Bungoma, ati siku tatu uso unang'ara. Nifanye nini?

Mama, hio ya siku tatu ikimbie. Krimu ya sokoni isiyo na lebo na yenye inafanya haraka hivyo, mara nyingi ni steroidi, haidrokwinoni ile ya kung'arisha ngozi, ama zebaki, na hizi mbili za mwisho ni marufuku kwa vipodozi hapa Kenya. Steroidi itazima uvimbe, uso utapendeza kweli, alafu akiacha chunusi zitarudi kwa hasira kuliko mwanzo na ngozi itakuwa imekuwa nyembamba. Nimeona wasichana wengi wakiletwa hapo kaunta na hio shida na kuirekebisha ni miezi.

Dawa ya meno inachoma tu, mwambie aache. Bodi hana muda wa mambo mengi: sabuni laini ya uso asubuhi na jioni, tona usiku siku mbili tatu kwa wiki, losheni, na asifinye. Mnunulie chupa ndogo juu unajua itapitishwa bweni zima. Asianze akiwa na homa ya mafua ama tetekuwanga, na kama ana shida na asprini asiitumie kabisa, hizi dawa ni za ukoo mmoja.

Kwani siwezi kusaga asprini nichanganye na asali badala ya kununua? Wa Busia.

Hapana. Iliyo kwa kidonge si salisiliki yenyewe, ni asidi ya asetilisalisiliki, na ukiisaga kwa kijiko hujui ni asilimia ngapi unaweka kwa uso. Utabaki na unga wa kukwaruza. Asali weka kwa chai.