Manyoya yako yametoka wapi? Ushauri kwa wanaofunga chambo

Oda yetu ya Uingereza ya vyambo vya manyoya, vile vidudu vya bandia tunavyovifunga kwa uzi kwenye ndoana ili kuvulia trauti, imefika, imepokelewa na imelipwa. Kilichonifurahisha kuliko pesa ni maneno ya mnunuzi: ameniambia kwamba kati ya wote wanaomuuzia vyambo vya manyoya, mimi ndiye niliyempa maelezo ya kila aina ya unyoya ulikotoka, bila yeye kunisukuma. Niliyasoma maneno hayo kwa sauti mbele ya wanawake ninaofanya nao kazi hapa Dagoretti, tukapiga vigelegele. Tulistahili.

Nilipoweka picha za mzigo ule, kijana mmoja wa Nyeri akaniandikia: "Mama, mimi pia nafunga chambo. Manyoya ya kununua yananishinda bei. Huku kwetu karibu na msitu wa Aberdare kanga wanaangusha manyoya mengi tu. Nikiyaokota, nitakuwa nimemkosea nani na sijaua ndege?"

Mwanangu, usiyaokote. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 inauhesabu unyoya wa ndege wa porini kuwa nyara, kama inavyohesabu pembe na ngozi. Kuwa nao bila kibali ni kosa, na sheria haikuulizi kama ndege uliua wewe au alifia usingizini. Askari akikuta mfuko wa manyoya ya kanga nyumbani kwako, hana namna ya kujua lipi liliokotwa na lipi lilinyonyolewa kwenye mtego. Hapo ndipo ilipo maana ya sheria hiyo. Ukiruhusu ya kuokota, kila mtega ndege atakuwa ameokota.

Naongea kwa ukali kidogo kwa sababu jambo hili lilinigharimu. Trauti si samaki wa asili wa huku. Waliletwa kutoka Uskoti 1905 wakawekwa katika mto Gura, na wavuvi wao wakaja na kazi hii ya kufunga chambo, ambayo sisi tumeishika tangu enzi za ukoloni na kuiuza hadi Ulaya na Marekani. Mimi niliisomea kwenye karakana ya mtu. Nilikuwa na mkono mwepesi, kazi yangu hairudishwi. Siku moja likaja gunia la manyoya ya madoadoa, hayana lebo, yananukia moshi. Nikauliza yana kibali gani. Nikaambiwa, "Wewe funga, ya karatasi tuachie." Nikasema sitafunga nisichokijua. Mwisho wa mwezi nikaambiwa kazi imepungua, na imepungua kwangu peke yangu. Wenzangu niliokula nao chapati miaka yote wakanyamaza. Wengine walinicheka njiani, eti nimeacha ugali kwa ajili ya unyoya. Siwadai kitu, lakini sijasahau.

Basi nikaanza upya na jiliwa moja la kubania ndoana, uzi, na jogoo.

Jogoo wa kienyeji ndiye msingi wa kazi hii, na ndiye rahisi kuliko wote kisheria kwa sababu ni ndege wa kufugwa. Unachotaka ni ngozi ya shingo, kuanzia kisogoni hadi mabegani, ikiwa na manyoya yake. Kuku wa broila hafai. Anachinjwa bado mtoto, manyoya yake ni laini, yanalala yakilowa. Tafuta jogoo mzima aliyepita mwaka. Chomoa unyoya mmoja wa shingo, ukunje taratibu kati ya vidole: nyuzi zake zisimame wima kama meno ya kitana, ziwe zinang'aa, na katikati karibu na uti kusiwe na utando mpana wa kijivu. Utando huo unanyonya maji, na chambo kinachotakiwa kuelea kitazama. Kisha pima nyuzi dhidi ya ndoana. Urefu mzuri ni mara moja na nusu ya uwazi wa ndoana.

Shida ni maji moto. Mchinjaji akishamtumbukiza kuku kwenye sufuria ili amnyonyoe, manyoya yamekwisha kwako. Ndiyo maana lazima ufike sokoni asubuhi na upatane naye kabla hajaanza kuchinja. Mimi huenda soko la Burma. Ninamlipia mchinjaji ngozi ya shingo peke yake, anaivua ikiwa kavu, nyama anamuuzia mteja wake. Mwanzoni walidhani natafuta dawa za mganga. Siku hizi wananipigia simu wakiona jogoo mwekundu mwenye shingo nzuri.

Nyumbani toa mafuta yote kwa kisu butu, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza mpaka maji yatoke meupe, halafu ibandike ngozi kwenye kadibodi, upande wa nyama ukiwa juu, unyunyize boraksi na ukaushe kivulini. Ikikauka, itie kwenye mfuko uliofungwa na uiweke kwenye friza siku kadhaa, itoe, kisha irudishe tena, ili mayai ya nondo yaliyonusurika mara ya kwanza yasinusurike mara ya pili. Usiruke hatua hii. Nondo mmoja anakula mtaji wa mwezi.

Bata mzinga anapatikana kwa wingi Desemba. Manyoya yake mepesi ya mwilini yanacheza majini kuliko chochote, na yanashika rangi vizuri. Bata wa kufugwa ana manyoya madogo karibu na tezi ya mafuta juu ya mkia, nayo yanaelea yenyewe. Mbuni anafugwa upande wa Kitengela, kwa leseni. Kanga, yule anayekuumiza kichwa kijana wangu, naye anafugwa kwa leseni ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kama kware wale waliotuchanganya akili 2013 na 2014. Nenda kwa mfugaji, omba kuona leseni yake, chukua nakala na risiti. Unyoya ni uleule, madoa ni yaleyale, nawe utalala usingizi.

Ya nje ya nchi yana mambo yake. Fesanti, ndege wa jamii ya kuku mwenye mkia mrefu, tunamhitaji: chambo cha Frank Sawyer, Mwingereza wa mto Avon, kinatengenezwa kwa nyuzi za mkia wa fesanti na waya mwembamba wa shaba, basi. Kwa kuagiza manyoya utahitaji kibali cha idara ya mifugo, hasa kwa ajili ya mafua ya ndege. Manyoya ya tausi usiyatoe India, maana wamekataza kuyauza nje. Mimi nayapata kwa watu wanaofuga tausi hapahapa. Tausi huangusha mkia kila mwaka, na wa kufugwa hana kesi.

Ukiuza Marekani, jua wana sheria ya 1918 ya ndege wanaohama, kali kiasi kwamba hata unyoya uliookotwa bustanini unaweza kuwa kosa. Bata na bukini waliowindwa kihalali wameruhusiwa kutumika kwa vyambo, mito ya kulalia na magodoro. Kwa hiyo usiandike tu "ndege". Andika jina la kisayansi: Gallus gallus domesticus kwa kuku, Numida meleagris kwa kanga. Mnunuzi ataulizwa, na atakuuliza wewe.

Kuna wanaosema wateja wakubwa wanataka ndege adimu. Wapo. Mwaka 2009 kijana mmoja aliingia usiku katika makumbusho ya Tring, Uingereza, akaiba ngozi 299 za ndege, nyingine zilikusanywa na Alfred Russel Wallace mwenyewe, yule mwanasayansi wa viumbe wa karne ya 19, ili manyoya yauzwe kwa wafungaji wa vyambo vya samoni vya mtindo wa kale. Ngozi nyingi zilipoteza lebo, na bila lebo mwanasayansi hana la kufanya nazo. Ndugu zangu, samaki hajui unyoya wa adimu. Bukini aliyetiwa rangi kwa mkono mzuri anatosha, na mteja asiyeridhika na hilo mwache aende.

Jambo la mwisho ni daftari. Kila ngozi inayoingia kwangu ina namba. Pembeni naandika tarehe, ndege, aliyeniuzia, risiti au leseni, na oda ilikokwenda. Mchinjaji asiye na kitabu cha risiti namwandikia mimi, anasaini mbele yangu. Mwenye karakana, fanya hivyo pia, na mfungaji wako akikuuliza manyoya yametoka wapi, mfungulie ukurasa. Anayetaka kuona jinsi daftari letu lilivyopangwa aniandikie, nitamtumia picha. Majina ya wachinjaji wangu sitoi.